Fedha zimfuate mtoto: barua ya wazi kwa madiwani wa Bagamoyo

Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo,

Katika halmashauri yetu, mtoto aliyefiwa na wazazi wake kwa maradhi hana fungu lake popote. Kuna fungu la kaya maskini, kuna mikopo ya vikundi, kuna mfadhili akijaliwa kuwapo. Yeye, kwa jina lake, hayumo. Ninaomba aingizwe, na ninaamini kazi hiyo iko ndani ya uwezo wenu ninyi mnaokaa kwenye ukumbi wa halmashauri, bila kusubiri mtu wa Dodoma aje kuwasukuma. Nakala ya barua hii naomba imfikie Mkurugenzi Mtendaji wetu, na nyingine ofisi ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF.

Bagamoyo ni mji ambamo wakubwa wa dunia hupenda kujaribu mambo. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, ilijaribiwa hapa na Korogwe kabla haijaanza kutolewa Ghana, Kenya na Malawi. Watoto wetu walichomwa sindano, wazazi wakatia saini au dole gumba kwenye fomu. Na fedha zile tunazoziita za TASAF nazo zilipita hapa kwanza. Vijana hawalijui hilo, na baadhi yenu, kwa heshima zote, nadhani mmelisahau.

Ilikuwa Januari 2010. Serikali ilitaka kujua kama ukimpa mtu maskini pesa taslimu mkononi atazitumia kwa jambo la maana. Zilichaguliwa wilaya tatu: Bagamoyo na Kibaha kwa upande wa Pwani, na Chamwino kule Dodoma. Vijiji 80 viliingizwa kwenye hesabu, 40 vikaanza kulipwa na 40 vikasubiri ili matokeo yalinganishwe. Walengwa walikuwa watoto wanaoishi katika mazingira magumu, yatima wakiwa mstari wa mbele, pamoja na wazee wa miaka 60 na kuendelea. Kiwango kilikuwa sawa na dola 3 kwa mwezi kwa kila mtoto na dola 6 kwa kila mzee, na malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili. Masharti yalikuwapo: mwenye umri wa kusoma aandikishwe shule na ahudhurie si chini ya asilimia 80 ya siku, mdogo apelekwe kliniki, mzee akapimwe afya.

Wapo waliosema pesa za bure zitaishia kwenye mnazi na gongo. Matokeo yaliwaumbua. Watafiti walipokwenda kuangalia mwaka 2011 na tena 2012 walikuta kaya zilizolipwa zimenunua kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii, zimeongeza kuku na mbuzi, na watoto wao wana viatu miguuni zaidi ya wenzao wa vijiji vilivyosubiri. Waliomaliza darasa la saba waliongezeka, na wasichana ndio waliofaidika zaidi. Mwaka huo huo wa 2012 Rais Kikwete, mtu wa Msoga ambayo siku hizo ilikuwa halmashauri moja nasi, akazindua awamu ya tatu ya TASAF iliyoupeleka mpango huo nchi nzima kwa jina la Kunusuru Kaya Maskini. Rais Magufuli akazindua kipindi chake cha pili Februari 2020. Kwa hiyo kila mlengwa anayepokea chochote leo, awe Nkasi au Newala, anapokea kwa sababu bibi zetu wa Pwani walithibitisha kwamba maskini anajua kutumia pesa.

Sasa nije kwenye kasoro. Mpango unahesabu kaya. Kadi ni ya kaya, jina la mpokeaji ni la kaya, na idadi ya watoto huongeza kiasi cha kaya. Kwa familia iliyotulia mahali pamoja, hesabu hiyo haina neno. Yatima hatulii mahali pamoja.

Namfahamu kijana mmoja. Jina lake silitaji, kwa kuwa umri wa kuamua jina lake litajwe wapi bado hajaufikia. Baba yake alitangulia akiwa mdogo, mama akafuata kwa kifua kikuu. Yeye na dada yake wakabaki na bibi, kilomita chache kusini ya mji, nyumba ya udongo na makuti yaliyokuwa yakihitaji kuezekwa upya. Bibi alikuwa mlengwa. Pesa hazikuwa nyingi, ila zilitosha sare, madaftari, sabuni, na mchango wa uji shuleni ambao hakuna waraka wa elimu bila ada uliowahi kuufuta. Kila siku ya malipo bibi alikwenda ofisi ya mtendaji na kadi yake aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni, kisha kwenye pindo la khanga. Mtoto alihudhuria shule maana bibi alimtisha kwa hiyo kadi: usipokwenda, mwalimu ataandika na sote tutakosa.

Bibi akafariki. Matanga yalipoanuliwa, wazee walikaa mkekani wakawagawa watoto kama kawaida yetu. Msichana akachukuliwa na shangazi anayeishi Kerege, mvulana akaenda kwa mjomba wake Mlingotini. Kaya ya bibi ikawa imekufa na bibi. Mjomba hakuwa mlengwa na asingeweza kuwa, kwani ana bati juu na hisa kwenye chombo cha kuvulia, na mkutano wa kijiji ulikuwa umeshapitisha majina zamani. Kwa hiyo fedha za serikali zilimwacha yule mtoto mwezi ule ule alipohamia kwenye nyumba yenye watoto wengine watano. Mjomba akapata msimu mbaya, akaenda dago kuvua mbali na nyumbani, na mkewe akashindwa. Leo kijana huyo ukimtaka asubuhi utamkuta sokoni karibu na forodha anapara samaki, analipwa kitoweo na mia tano mia tano. Shuleni jina lake lipo kwenye daftari la mahudhurio lenye alama za utoro.

Hakuna aliyemdhulumu. Mtendaji alifuata mwongozo, mwezeshaji wa TASAF alifuata mwongozo, mjomba alifuata mila. Kosa liko kwenye mpango wenyewe, ulioandikwa kana kwamba mtoto ni sehemu ya nyumba, kama mlango au dirisha, nyumba ikianguka naye anaandikwa ameanguka.

Wataalamu wa kupambana na umaskini wana jibu lao, na si la kipuuzi. Wanasema si kila yatima ni maskini na si kila maskini ni yatima, hivyo tafuta kaya maskini na yatima watakuwamo. Ningekubaliana nao kama sahani ya chakula ndani ya nyumba ingegawanywa sawasawa. Anne Case na wenzake wawili walichapisha mwaka 2004 utafiti wa nchi 10 za Afrika, nao ulionyesha kwamba yatima huandikishwa shule kwa uchache kuliko watoto wengine wanaolala nyumba moja naye. Kilichoamua bahati yake kilikuwa ukaribu wa damu kati yake na mkuu wa kaya, kuliko utajiri wa nyumba. Kwa bibi ana nafasi, kwa mjomba imepungua, kwa mke wa baba mdogo imepungua zaidi. Sisi watu wa Pwani hatukuhitaji utafiti kulijua hilo, lakini nalitaja kwa sababu kwenye vikao mnapenda ushahidi.

Ushahidi mwingine ni wa hapa nchini. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walikogundulika mwaka 1983, na huko watafiti waliwafuatilia watoto tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2004 walipokuwa watu wazima. Waliofiwa na mama wakiwa wadogo walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 2, na walikuwa wamepoteza karibu mwaka mzima wa shule. Pengo hilo halikuzibika walipokua. Mtu mzima wa Muleba alikuwa bado anabeba mwilini mwake msiba wa mwaka 1992.

Kuna wakati tulikuwa na daftari la watoto hawa. Rais Mkapa alipotangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, ikaundwa mwaka 2001, dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa kitaifa mwaka 2004, na baadaye ukaja mpango wa taifa wa watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, wa 2007 hadi 2010. Chini ya mpango huo kila kijiji na kila mtaa ulitakiwa kuwa na kamati ya watoto hao, na kamati iliandika majina. Jina la mtoto, anayemlea, anachokosa. Kazi ilifanywa kwa kalamu ya wino na daftari la kaunta, na nyingi ya kamati hizo zilidorora pale posho zilipokatika, lakini jina la mtoto liliandikwa na mtu aliyemjua. Mpango wa kupambana na ukatili, MTAKUWWA, ulipokuja mwaka 2017 ukazimeza kamati hizo ndani ya kamati za ulinzi wa wanawake na watoto. Sina ugomvi na MTAKUWWA. Ninachosema ni kwamba siku hizi kamati ikikaa, ajenda ni ubakaji, mimba na vipigo, kama inavyostahili, na yatima ambaye hajapigwa na mtu hapati hata mstari kwenye muhtasari.

Pengo likazibwa na wafadhili. Tulikuwa na mradi wa Pamoja Tuwalee, ukaja wa Kizazi Kipya, yote kwa fedha za walipa kodi wa Marekani. Walifanya kazi nzuri, wahudumu wao wa jamii waliingia nyumba ambazo maafisa ustawi wetu, kwa uchache wao na kwa kukosa hata mafuta ya pikipiki, wasingezifikia. Kisha tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani akatia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na ilipofika Julai mosi shirika lao la misaada, USAID, likawa halipo tena. Mtu mmoja kule Washington amebadilisha mawazo na mtoto wa Zinga amekosa madaftari. Sioni haja ya kumlaumu yule wa Washington. Mtoto si wake.

Ni wenu. Nasema hivyo kwa kuwa Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya 2009, katika kifungu cha 94, imezitwika serikali za mitaa jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lao. Haikusema mfadhili akipatikana, wala haikusema TASAF ikifika.

Mtaniuliza fedha zitoke wapi. Kila mwaka mnatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa 2024, na mlipiga kelele mpaka ikarudi, nikawapongeza. Lakini bibi wa miaka 70 anayelea wajukuu wanne haundi kikundi cha wajasiriamali, na mtoto wa darasa la nne hakopeshwi. Naomba mtenge asilimia 1 zaidi, iwe ruzuku, kwa jina la mtoto. Nimepiga hesabu ndogo. Katika kila bilioni moja ya mapato ya ndani, asilimia 1 ni shilingi milioni 10. Ukimpa mtoto shilingi 15,000 kwa mwezi, anatumia 180,000 kwa mwaka, na milioni 10 zinatosha watoto 55. Ni wachache, nakubali. Anzeni na waliofiwa na wazazi wote wawili na wanaolelewa na wazee au na kaka na dada zao. Hamtawamaliza, ila mtakuwa na orodha, na mwenye orodha anaweza kwenda kuomba nyongeza akasikilizwa.

Fedha hizo zimfuate mtoto. Akihama kutoka Kaole kwenda Mlingotini, au kutoka Yombo kwenda Fukayosi, mpokeaji abadilishwe ndani ya mwezi huo kwa barua ya mtendaji na sahihi ya mwalimu mkuu, bila kurudi mwanzo kwenye mkutano wa hadhara. Wazo hili si langu. Afrika Kusini, mwaka 1996, kamati iliyoongozwa na Profesa Francie Lund ilipendekeza hivyo hivyo, alipwe yule anayemlea mtoto kwa wakati huo, awe mama, shangazi au jirani. Aprili 1998 wakaanza na randi 100 kwa mtoto, na hadi leo mpango huo haujafa. Karibu zaidi, Kenya ilianza mwaka 2004 na kaya 500 tu, Kwale ikiwa mojawapo ya sehemu za mwanzo, kwa mpango uliotamka wazi kwamba ni wa watoto yatima na walio katika mazingira magumu. Baadaye ukaenea nchi nzima na kupanda hadi shilingi zao 2,000 kwa mwezi. Kwale ni Waswahili wenzetu, wavuvi na wakwezi kama sisi.

Na ng'ambo hapo Unguja, ambayo usiku ukiwa mwangavu taa zake wavuvi wetu huziona, tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 anapata pensheni ya jamii, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye 50,000. Bibi wa Unguja akilea mjukuu ana pa kuanzia. Wa Bagamoyo anaanzia kwenye kuuza vitumbua.

Ombi jingine halihitaji hata senti. Msiulize mzazi alikufa kwa nini. Miaka ile misaada ilipokuwa na maandishi ya UKIMWI ubavuni mwa gari, mtoto akipokea begi kijiji kizima kilijua mama yake alikuwa anaumwa nini, na shuleni wenzake walimwambia. Siku hizi dawa zimepunguza vifo hivyo, namshukuru Mungu. Vifo vya uzazi navyo vimeshuka, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015 na 2016 hadi 104 katika ule wa 2022. Lakini watu bado wanakufa kwa kifua kikuu, kwa saratani iliyogundulika mwishoni, kwa shinikizo la damu ambalo hawakujua wanalo. Maiti zote huacha watoto wa namna moja.

Kuna jambo la cheti pia, na hapa naomba Waheshimiwa mnisikilize vizuri kwa sababu linaonekana dogo. Mtu akifia nyumbani, sisi humzika siku hiyo hiyo, jua halijazama. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, lakini nani anawaza ofisi ya vizazi na vifo, RITA, wakati anachimba kaburi? Miaka kumi na mitano baadaye mtoto aliyebaki amefaulu kidato cha sita. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inampa yatima kipaumbele, ila inataka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA. Hana. Aliyeshuhudia kifo ni bibi, na bibi naye hayupo. Kijana anazunguka na karatasi za mashahidi huku dirisha la maombi linafungwa. Muagizeni kila mtendaji wa kijiji na wa mtaa, anapopata taarifa ya kifo cha mzazi mwenye watoto chini ya miaka 18, ahakikishe cheti kinaombwa ndani ya siku hizo 30. Na kwa kata za Mapinga, Kerege na Zinga, ambako kiwanja sasa kinauzwa kwa bei ambayo wazee wetu wangeidhani ni mzaha, cheti hicho ndicho mwanzo wa mirathi. Bila msimamizi wa mirathi anayejulikana, shamba la marehemu huuzwa na yeyote mwenye sauti kubwa kwenye ukoo, na mhuri wa ofisi hupatikana.

Najua mtu atasema yatima wana wenyewe, wana misikiti na makanisa. Ni kweli. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868 walianza na watoto waliokombolewa utumwani, na zaka na sadaka za Waislamu zimelea wengi kabla na baada yao. Lakini nitasema lililo kooni: kila Ramadhani yatima wetu hupigwa picha nyingi kuliko mabibi harusi. Wanapangwa mstari, kila mmoja na mfuko wake wa mchele wa kilo tano na chupa ya mafuta, mgeni rasmi katikati. Sikukuu ikipita, mfuko wa mchele huisha mapema kuliko picha. Hisani ni ya mwenye kutoa, anatoa akipenda. Mimi naomba kitu ambacho mtoto atakidai mwezi wa Mfunguo Sita, mvua inanyesha na hakuna kamera.

Waheshimiwa, mnayo Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na ndiyo inayoanza kuipitia bajeti kabla haijafika kwenye baraza. Naomba mjumbe mmoja tu, wa chama chochote, aiingize hoja hii kwenye ajenda ya kikao kijacho: asilimia 1 ya mapato ya ndani kwa watoto waliofiwa, daftari la majina kwa kila kijiji na mtaa lisomwe katika kila baraza la robo mwaka, na agizo la vyeti kwa watendaji. Nitakuja kukaa kwenye viti vya wananchi siku hiyo, na majirani zangu nitakuja nao.

Wenu katika ujenzi wa wilaya,

Mkazi wa Kata ya Magomeni, Bagamoyo